Kile Kifumbu Si Kofia Tena, Baba

Mwaka umetimia Ijumaa hii, Baba, tangu tulipokuzika Kinondo. Tulidhani tutaandika kwa machozi. Kumbe tunaandika mbio mbio, tukinyang'anyana kalamu, maana tuna habari yako.

Kwanza wanaosoma wakujue. Wewe ndiye Suleiman Boga, mpishi wa hoteli pale Diani kwa miaka ishirini na minane. Wali wako wa nazi uliwaleta wageni mpaka mlangoni mwa jiko. Nyumbani hukuonja samaki kabla jirani hajapelekewa kipande.

Ulipostaafu, Everlyn, mke wa mwanao Alamin, alikuonyesha kwenye simu makumbusho moja ya ng'ambo. Vitu vyao vya kale vimepigwa picha, pamoja na kadi zake zilizoandikwa kwa mkono zamani, na watu wanaojitolea duniani kote huzisoma mtandaoni na kuzichapa upya ili zisipotee. Ukauliza, "Na mpishi anaruhusiwa?" Kiingereza cha hotelini kikakufaa. Ukachapa kwa kidole kimoja, miwani puani, chai ikipoa pembeni.

Adabu zako zilikuponza kidogo. Kila kadi uliianza kwa "Assalaam aleikum, hamjambo nyote huko," ndipo ukaandika kilichomo. Wiki ya tatu wasimamizi wakakuta vyungu na vinu sitini vinawaamkia watu. Everlyn alipokuomba ufute, ulimjibu, "Mwanangu, mtu haingii nyumbani kwa watu kimya." Ulifuta, lakini ulinuna siku mbili.

Kisha kikatokea kile kikapu kidogo cha miyaa, kimeandikwa: kofia ya mtoto, Pwani ya Kenya. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Mishi, njoo uone. Wamemvika mtoto kifumbu." Mama alitoka jikoni na chake mkononi, kinachuruzika tui.

Kicheko hakikudumu. Sharti lao ni kwamba wasomaji watatu wakubaliane juu ya kila kadi, na wawili walikwisha kusema ni kofia. Ukaandika, ukakataliwa. Ukaandika tena. "Nimekamua nazi tangu sijaota ndevu," ulisema, "leo niambiwe sikijui kifumbu?" Ulitaka neno lako lisadikiwe, basi.

Ulipolazwa, Alamin alikuletea uji Jumanne, nawe hukuutazama. Uliuliza, "Wamejibu?" Akasema bado. Ukauliza Jumatano, ukauliza Alhamisi. Ukaondoka bila sisi kuwa na la kukuambia, na hilo limetuuma mwaka mzima kuliko yote.

Everlyn hakukubali yaishe hivyo. Yeye ni mtu wa Makueni, na alipoolewa hapa alidhani kifumbu ni chujio la chai. Wewe ndiye uliyemfundisha. Alikwenda kwa Bi Jumwa, msusi wa miyaa hapa kijijini, akamrekodi akikisuka tangu mwaa wa kwanza mpaka mwisho. Kisha Mama akatia nazi iliyokunwa humo humo, akakamua, tui likajaa bakuli. Video ikatumwa. Miezi ikapita kimya. Akaituma tena, na tena; mwanafunzi wako ni king'ang'anizi kama wewe.

Jumatatu iliyopita jibu lilifika. Wale wawili wameitazama na wamekubali, na mmoja ameomba radhi kwa maneno mazuri sana. Tumeisoma kadi mpya mara ishirini, na tunaisoma tena hapa: "Kifumbu cha kukamulia tui la nazi. Kusini mwa Pwani ya Kenya. Kimetambuliwa na Suleiman Boga, mpishi, Kinondo."

Jina lako, Baba. Hotelini hukuwahi kuandikwa hata kwenye orodha ya vyakula ulivyovipika mwenyewe. Leo mtu yeyote duniani akikitafuta kifumbu hicho, atakukuta wewe. Furaha tuliyo nayo haina pa kuwekwa.

Tulimpelekea Mama simu. Aliisoma kadi polepole, akasema, "Baba Alamin aliuliza siku tatu. Basi mwambieni."

Wamejibu, Baba.

Unakumbukwa na mkeo Mishi, wanao Alamin na Twaiba, mkaza mwanao Everlyn, wajukuu zako, Bi Jumwa, na wapishi wenzako wote wa Diani. Mwenyezi Mungu akurehemu na akupe kauli thabiti.

Siku zote utabaki nasi.