Kondo la Nyuma la Mjukuu Wangu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kliniki leo. Kidonda cha mguuni bado kimenuna! Tangu sufuria la mbege, pombe yetu ya ndizi, linimwagikie likichemka mwaka jana, hakitaki kufunga. Mimi, niliyeendesha lori hadi Lubumbashi, nashindwa na kidonda!

Dokta Winfrida — binti mdogo, mikono ya upole, Mungu ambariki — kaniambia kuna protini kwenye kondo la nyuma la mama mzazi. Maabara wanaiweka na seli za ngozi kwenye kisahani, wanaangalia zinavyotembea. Maana kidonda kufunga ni hivyo: seli za ukingoni zinahama, zinakutana katikati. Kama malori ya mpakani Tunduma foleni ikifunguka! Nikamwambia, akacheka. Ila bado siyo dawa, akasisitiza. Ni utafiti, na wanaomba kondo kwa akina mama wanaokubali.

Nikapiga kifua: nitakuletea! Goodness, mke wa Godwin wangu, anajifungua wiki hii.

Jumanne, 4 Machi

Vita! Yuditha, mke wangu, kasimama mlangoni na panga la kukatia majani ya ng'ombe. Kondo la mjukuu wake linazikwa kihambani, shamba letu la ukoo, chini ya mgomba, kama langu nilipozaliwa, kama la Godwin. Eti naligawa kama vile mimba nilibeba mimi! Nikasema, mwanamke, hii sayansi. Akasema basi sayansi ije ifue bandeji zako.

Jioni akanifunga kidonda. Taratibu. Asante, Mama Godwin. Sikusema kwa sauti.

Goodness alikuwa anamenya ndizi pembeni. Halafu: "Jamani, mimi kuna aliyeniuliza?"

Yuditha akaenda kwa ng'ombe, mimi nikaenda kitandani.

Ijumaa, 7 Machi

Yuditha kachimba shimo. Kachagua mgomba mzuri kuliko yote. Nimemwona anatoa mawe kwa mikono, moja moja. Nikashindwa kutania.

Jumapili, 9 Machi

Wa kike! Analia kama honi ya Scania! Asante Mungu. Nimetoa machozi, nikasingizia moshi wa jiko. Wodini hakuna jiko.

Goodness akaniita. Amemkubalia dokta, walichukue kondo. Nikarukaruka kwa mguu mzima — nimepona! Hapana baba, akasema, dokta amenieleza, wewe hutafaidi. Labda wengine huko mbele. Mama yake mzazi Goodness, kule Kahe, alikatwa mguu kwa kidonda cha sukari. Basi tu.

Nchi zote nilizozunguka, moyo kama huu sijauona.

Halafu: "Ila mama mkwe utamwambia wewe, baba. Wewe ndiye uliyeanza."

Naandika hapa kwenye benchi nje ya wodi, najifanya nina kazi. Yuditha huyo, anaingia getini! Kitenge cha kanisani. Beseni jipya la kubebea kondo, kalifunika kwa khanga. Kaniona — anapunga mkono, anacheka meno yote nje.

Kakaa pembeni yangu. Beseni kaliweka mapajani.

Ananiuliza mguu unaendeleaje.