Asali ya Mize

Kiegeani, Mafia
20 Shaabani 1331 (Julai 1913)

Mpendwa Dada Mwanaharusi, huko Mombasa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila nyoyo nzito. Mguu wako umepoa? Na shemeji Ghalib, kile kikohozi?

Dada, habari ni ya mdogo wetu Mize, ambaye tangu afiwe na mumewe yuko kwangu. Ramadhani iliyopita kila alasiri alitetemeka, jasho likamtoka, akaropoka, hata mwanawe asimjue. Bibi Biubwa, fundi wa pepo, akamwekea chano cha halua, miwa na asali. Akilamba asali, huamka. Mimi nikaona ushirikina, tena mchana wa Ramadhani. Nikaimwaga mchangani.

Biubwa akaniambia, "Mwaga, Mbaraka. Pepo wa asali ukimnyima chake, hula mtu."

Kesho yake Mize akaanguka, akalala kama maiti hata Magharibi. Nilidhani nimemuua.

Baada ya Idi nikampeleka Dar es Salaam. Daktari wa Kijerumani akambonyeza chini ya mbavu za kushoto, akasema kuna uvimbe kwenye kongosho, nyama iliyojificha nyuma ya tumbo. Huenda ni saratani, na ya mahali hapo ni nadra. Yeye ameisoma tu. Akataka ruhusa ampasue. Nikaswali istikhara, nikakubali. Akatoa kitu kidogo kama kokwa ya kungu. Nilimuuliza kwa nini asali humwamsha. Akasema hajui, wala vitabu vyake havijui.

Miezi minane hakuanguka. Lakini siku ile ya kumpasua daktari aliona chembe za uvimbe ule kwenye ini, akashindwa kuzigusa. Juzi alasiri mikono ikaanza tena kutetemeka.

Daktari alikataza asifunge kabisa, na Ramadhani imebaki siku kumi. Mize hataki kusikia. Jana kaniambia, "Kaka, ya mwaka jana sikuitimiza. Na hii nikiiacha, nikifa nitamwambia nini Mola?"

Nikamjibu, "Mwambie, 'Mgonjwa ulimpa ruhusa Wewe mwenyewe, ila kaka yangu ndiye aliyeninyima, akaimwaga asali.'"

Alilia, nami nikalia. Hakusema atakula. Dada, wewe ndiye uliyemlea. Mwandikie upesi, yeye havuki neno lako.

Nisalimie shemeji na mwanao Arafa. Mola akuhifadhi, atukutanishe sote watatu tungali hai.

Chupa ya asali nimeiweka mwenyewe kichwani pa kitanda chake. Kila alasiri naketi hapo, na kijiko mkononi.

Ndugu yako akupendaye daima,
Mbaraka bin Shaabani