Bibi Mkubwa Hawaki Bila Kusukumwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijayazoea mapishi yangu mwenyewe, maana mama watoto amehamia kwa dada yake na mchawi ni sarufi, shule niliiacha mapema na mambo ya ngeli yakanipita. Mimi ni fundi magari mstaafu, uani nina magari mawili, moja la enzi za baba yangu, macho ya duara, gia kwenye usukani, bati nene hata mbuzi akilipiga pembe anayeumia ni mbuzi, na la pili lilizaliwa miaka ishirini baadaye, la pembepembe, lina redio ya kanda na vioo vya kubonyeza, bati lake ukiliegemea linabonyea, ila ufunguo ukigusa tu limewaka. Nayaita Bibi Mkubwa na Bibi Mdogo. Juzi jirani yangu kinyozi akaniuliza, ukiambiwa ubaki na moja utabaki na lipi, nami nikajibu kwa sauti kwa sababu kinyozi hasikii vizuri: "Bibi Mkubwa ana umbo, lakini siku hizi hawaki bila kusukumwa. Huyu mdogo ukimgusa tu, safari."

Kumbe mama watoto yuko dirishani. Nikamweleza ni magari, tena wewe si ndiye unayelisukuma mimi nikiwa ndani? Leseni anayo, ila klachi ya Bibi Mkubwa simwachii mtu. Hapo ndipo alipofunga sanduku. Sasa mshauri, mjukuu wangu, niuze lipi arudi?

Fundi Mpweke

*

Mzee wangu, shikamoo, ingawa leo huistahili.

Pole kwa mapishi, lakini usiisingizie sarufi. Mkeo alijua fika kuwa ni magari. Mke wa fundi hawezi kukosea sauti ya mumewe akisifia bati. Kilichomuuma ni kuona bati limepewa ubibi, na bibi mwenyewe kafanywa stata ya kuliwasha.

Usiuze hata moja. La kwanza liliundwa lidumu, la pili liliundwa lisisumbue, na mke anastahili yote mawili. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Naona umekaa naye mpaka ukaambukizwa. Gari la mteja ungelitengeneza siku hiyohiyo.

Kwa hiyo fungua stata ya Bibi Mkubwa leo, uitengeneze, kisha uende nalo kwa shemeji yako. Ukifika, hotuba usitoe. Mpe mkeo ufunguo, wewe kaa kiti cha abiria, na klachi ikilia nyamaza.

Likigoma kuwaka, shuka usukume.