Kufuli la Stoo

Mama, na wifi Dafrosa,

Mkirudi kutoka shamba, stoo nimeifunga kwa kamba. Msiikate, vuteni ncha tu. Sahani zimefungiwa kabatini, kwa hiyo mboga mtaila kwenye sufuria. Kosa ni langu.

Kufuli nimeenda nalo sokoni kwa fundi, limemeza nusu ya ufunguo. Mama, Jumapili uliponikabidhi funguo ulinieleza kila mmoja na mlango wake, na mimi nikaitikia "ndiyo mama" kila mara. Kwa aibu sikushika hata mmoja, ila ule wa baiskeli. Leo asubuhi nilitaka mahindi ya kusaga. Nikachagua ufunguo unaong'aa, kumbe ni wa kabati. Uliingia vizuri, ukagoma kuzunguka. Nikaukamua kama nguo ya kufua, ukakatika.

Nikakaa chini nikalia. Mama Aneth wa jirani akaja, akalivuta kufuli kwa vidole viwili, likaachia.

"We binti, hili mbona halikufungwa! Mkweo akienda shamba huwa analining'iniza tu, kutisha wezi."

Kumbe nimevunja ufunguo nikifungua mlango uliokuwa wazi. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Wifi, cheka sasa hivi, nikirudi uwe umemaliza.

Mama, funguo zilizobaki ziko hapa mezani. ~~Zichukue tu.~~ Naomba nizikute nikirudi. Unieleze tena, safari hii nitauliza.

Mkweo,
Emerensiana