Kanyagio la Kijani la Kombo

Jumatatu, 1 Februari 1993

Redio tatu, kaseti moja, pasi ya mama wa chapati. Pasi ni waya tu umekatika. Watu wa Changamwe sijui wana ugomvi gani na plagi.

Kombo alivuka asubuhi kutoka Likoni, meno yote nje. Kwenye hoteli anayopigia gitaa kuna mgeni, Mjerumani, amelipenda kanyagio lake. Lile boksi la kijani la Kijapani, unalikanyaga na gitaa linatoa sauti ya kukwaruza. Alilinunua kwa baharia mwaka 1981. Mjerumani anasema huko kwao sasa yanatafutwa kwa udi na uvumba. Anayo mengi, ameyapanga kabatini nyuma ya vioo. Gitaa lenyewe hapigi. Wazungu wana mambo.

Bei aliyotaja inatosha mabati ya nyumba nzima. Nyumba ya Kombo pale Timbwani ni kuta tupu huu mwaka wa tatu. Anakaa kwa mama mkwe. Mtu wa miaka arobaini na nne anangoja zamu ya kuoga.

Sharti ni moja. Jumapili lifunguliwe, Mjerumani aone kama vya ndani ni vile vile vya kiwandani. Kombo anataka nifungue mimi, hapa karakanani.

"Halijaguswa na mkono wa mtu ila wako, Fundi. Wallahi n'shamwapia."

Nikasema inshallah. Chai yangu ilipoa sikuinywa.

Jumanne, 2 Februari

Sikulala vizuri. Niandike, daftari hili halisomwi na mtu.

Mwaka 1985 Kombo aliniletea kanyagio, swichi imekufa. Wiki hiyo hiyo amplifaya ya msikiti ikazimika, imebaki siku mbili Ramadhani iandame. Aisii imeungua, na mjini kote hakuna. Ndani ya kanyagio la Kombo ilikuwamo moja ya namba ile ile, kidude cheusi cha miguu minane. Nikaing'oa, nikaitia msikitini. Mafundi wote tunafanya hivyo. Unachukua kwenye kilichokaa, unatia kwenye kinachotakiwa leo, kisha unarudisha.

Sikurudisha. Kwenye kanyagio nilitia aisii ya kaseti mbovu. Likalia. Kombo akashukuru, akaenda zake.

Nilijiona nimepata thawabu.

Jumatano, 3 Februari

Kombo alipiga simu dukani kwa jirani, nikaitwa. Mjerumani amemwonyesha picha kitabuni. Kumbe kinachotafutwa ni aisii yenyewe, na herufi zake zimeandikwa pale. Kanyagio lenye aisii hiyo ni mali. Lisilo nayo ni boksi kuukuu. Kombo alikuwa anacheka kwenye simu. Yeye hana wasiwasi hata kidogo.

Nimemwaga makopo yote ya vipuri mezani. Nimepata moja ya namba ile, herufi ni za kiwanda kingine. Nikachukua msasa nikaanza kuzifuta, niziandike upya kwa sindano na rangi nyeupe. Nimefuta herufi mbili. Halafu nikaona mikono yangu inachofanya.

Niliitupa mtaroni.

Ijumaa, 5 Februari

Jana sikufungua karakana. Nilikuwa nawaza msikiti.

Ustadh Athmani, katibu wa msikiti, amekuwa akiniomba tangu Januari niitazame amplifaya kabla ya Ramadhani. Leo baada ya swala nikamwambia niko tayari. Mfukoni nilikuwa na aisii nyingine nzima, nimeifunga kwenye karatasi ya sigara. Nibadilishe tu, ile ya Kombo niitoe. Azana itasikika vile vile, na Kombo atapata mabati. Nilijiambia huo si wizi, ni kurudisha.

Ustadh akanishikia tochi, huku ananiombea dua. Kila dua ilinichoma.

Nikafungua kifuniko. Aisii ya Kombo haimo. Imo nyingine, na risasi ya kuunganishia imemwagwa juu yake kama uji. Kazi ya mtu asiye na adabu.

Nikamuuliza nani kaigusa.

"Aa, ulipokwenda Lamu harusini, mwaka juzi. Ikatukatikia, tukamwita yule fundi wa Miritini. Kwani kuna ubaya?"

Nikacheka kwa sauti, ndani ya msikiti. Ustadh akanitazama kama nimepagawa. Huyo wa Miritini naye bila shaka aliing'oa akaitia kwa mwingine. Ningefanya yeye alivyofanya. Nilifanya.

Nikapangusa vumbi, nikafunga. Sikutaka ujira.

Jumamosi, 6 Februari

Nilivuka Likoni kwenda kusema. Kweli nilikwenda kwa nia hiyo.

Nikamkuta kiwanjani na maseremala wawili. Mbao zimeshafika, amezikopa kwa kutegemea neno la Mjerumani. Mama mkwe kawaletea mahamri na chai, anamtania Kombo, anamwita mwenye jumba. Sijawahi kumwona mama yule akimcheka mkwewe kwa wema.

Kombo akanishika mkono, akanizungusha. Hapa sebule, hapa jiko. Hapa chumba chako Fundi, ukikosa feri ulale.

Nikanywa chai nikarudi. Mimi ni mwoga. Naandika wazi.

Jumapili, 7 Februari

Walikuja saa nne. Mjerumani ni mtu mpole, amevaa kandambili, ana kitambaa cha kufutia vidole. Akakigeuza kile kiboksi, akausifu hata mchubuko wa rangi. Kumbe kikichakaa ndivyo wanavyopenda.

Mke wangu akaleta maji ya ndimu. Nikashika bisibisi. Skrubu nne. Nilitoa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kombo amesimama nyuma yangu, mkono begani kwangu. Mkono ule ndio ulionishinda.

Nikaiweka bisibisi chini. Nikamwambia, "Kombo, iliyomo siyo yake. Niliitoa mimi." Nikasema yote: msikiti, kaseti mbovu, Miritini. Sikumtazama.

Akautoa mkono begani. Akamweleza Mjerumani kwa Kijerumani chake cha hotelini, taratibu, bila kunitukana. Mjerumani aliitoa mwenyewe skrubu ya nne, akamulika, akatikisa kichwa. Akaomba radhi, wala hakuwa na kosa. Akaondoka na teksi yake.

Nikaanza kusema habari ya mbao, nitauza ile mashine yangu ya kupimia, nitasaidia. Kombo akaninyamazisha kwa kiganja.

"Mbao zitarudi zilikotoka. Nataka neno moja. Mwaka ule n'likuja hapa, nikakwambia sauti imebadilika. Wakumbuka ulin'jibu nini?"

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau mpaka alipouliza.

Nilimwambia ni masikio yake. Ngoma za miaka mingi zimeyala, asijisumbue.

"Nikakuamini wewe, nduyangu. Nikamwachia mwengine gitaa la solo. Miaka minane napiga ridhim nyuma ya watoto, nikijua mimi kiziwi."

Akatia kanyagio kwenye mfuko wa plastiki, akatoka. Skrubu zimebaki mezani kwangu.

Mke wangu ameuliza kuna nini.

Jumatano, 10 Februari

Redio mbili. Sijazigusa. Naona haya kushika kitu cha mtu.

Ijumaa, 19 Februari

Baada ya swala nilivuka Likoni. Nilizifunga skrubu nne kwenye karatasi.

Kiwanjani mbao hazipo. Nikaenda kwa mama mkwe. Kabla sijafika nikasikia gitaa. Solo, juu kabisa, ile aliyokuwa akiipiga zamani tulipokuwa vijana. Vidole vimekuwa vizito. Anakosea, anarudi nyuma, anaanza tena. Na kanyagio linakwaruza, ila kavu, halina ile nyama ya zamani. Alisema kweli. Mtu yeyote angesikia.

Nikasimama penye mlango, uko wazi. Akainua macho akaniona. Nikatoa salamu. Akaijibu, maana salamu ni lazima, kisha akainama kwenye gitaa lake akaendelea.

Miaka ishirini na moja sijafika mlango wa Kombo bila kuambiwa karibu. Nilingoja. Nikaiweka karatasi kizingitini, nikaenda kupanga foleni ya feri.