Nusu Mbili Hazifiki Moja

Jumapili, mchana. Hapa Kasongo mvua inanyesha tangu alfajiri, ile mvua isiyo na haraka, na mabati ya nyumba yetu yanapiga kelele hadi siwezi kurekodi neno moja. Nimekunywa chai, muhogo nimeukataa. Nimeswali adhuhuri na katikati nikasahau kama niko rakaa ya pili au ya tatu, kwa sababu akili yangu ilikuwa Wamaza.

Nieleze taratibu. Hata mimi mwenyewe nahitaji kujisikia nikieleza.

Nafundisha hesabu hapa mjini. Tangu mwaka huu wa masomo uanze, natengeneza pia masomo mafupi ya simu: mkono wangu, kalamu, karatasi na sauti yangu, dakika chache tu ili nisimalize mega za intaneti za watu. Nayatuma kwenye grupu la WhatsApp la darasa la sita la shule moja kule Wamaza, upande wa Kabambare, ambako dada yangu aliolewa. Mwalimu wao wa hesabu aliondoka na hajapatikana mwingine. Direkta, mkuu wa shule, anapokea somo, watoto wanalisikiliza kwenye simu yake wamejazana, kisha wananitumia majibu kwa sauti. Somo letu ni moja tu, sehemu, hizi tunazoziita fraksio. Hapo ndipo watoto wanapozama. Wape nusu na robo wajumlishe, watajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, watakuletea mbili juu ya sita bila wasiwasi wowote.

Mmoja wao ni Riziki, binti wa dada yangu.

Kesho shule yao inafanya jaribio. Atakayeshindwa hesabu hataandikishwa kwenye mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na mwaka jana Riziki alishindwa kwa fraksio hizohizo. Shemeji yangu si mtu mbaya, ila amechoka. Ameshasema kwamba safari hii mtoto akishindwa, ataenda Lusangi kumsaidia shangazi yake anayepikia wachimbaji. Dada aliniambia hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, katikati ya habari za mashamba, na mimi nikaitikia eeh kama vile nimeambiwa bei ya chumvi. Simu ilipokatika ndipo nikakaa chini.

Cha ajabu ni kwamba wiki nzima iliyopita nilikuwa na furaha. Nilijiona fundi.

Furaha yenyewe ilikuwa ya kopo. Mwanzoni nilikuwa nachukua michoro ya kwenye intaneti, na huko ni pizza tu, kila mahali pizza imekatwa vipande vinane. Nikajiuliza ni nani amewahi kukata pizza Wamaza. Hata mimi hapa mjini sijawahi kuishika. Nikajaribu mkate, lakini mkate kule unafika siku pikipiki inapofika, na ukifika unamegwa kwa mkono, kila mtu na bahati yake. Basi nikasema turudi nyumbani, tutumie mchele. Hakuna mtoto wa huku asiyejua kopo la mchele. Nikachora kopo, nikachora nusu kopo na robo kopo. Nilirekodi nimejifunika kikwembe kichwani ili jogoo wa jirani asiingie kwenye sauti, na Mama akapita akauliza kama najifukiza homa. Nilicheka. Nilijua kabisa somo hili litashika.

Swali la mwisho lilikuwa jepesi: una nusu kopo ya mchele, ndugu yako naye ana nusu kopo. Mkichanganya mtakuwa na nini?

Jana majibu yakaanza kuingia. Wa kwanza akasema haifike kopo moja. Wa pili naye, haifike. Nikafikiri wanaigana, si wako pamoja? Kisha ikaja sauti ya Riziki, na mtoto alikuwa na uhakika wa kadhi: "Tutakuwa na kopo moja, mama mudogo, lakini haijajaa muzuri. Inabakia kidogo."

Nusu na nusu, inabakia kidogo.

Nakiri hasira ilinipanda. Nilizunguka nyumba, nikafua nguo ambazo zilikuwa safi. Miezi yote hii, mega zote hizi, na tumerudi nyuma kuliko tulipoanzia. Nilijiambia labda mimi si mwalimu, ni mtu anayependa kusikia sauti yake kwenye simu.

Leo asubuhi, mvua ikinyesha, jirani akaja kwa Mama, ambaye anauza mchele hapa mlangoni. Alitaka kopo moja. Mama alichota, akajaza mpaka mchele ukafanya kichwa juu ya kopo, akamimina kwenye mfuko, kisha akachukua kiganja kingine akatupia juu. Matabishi, ile nyongeza ambayo usipoitoa mteja hatarudi. Nyuma ya jirani alikuja mtoto wa kununua nusu. Hapo Mama akapima, akasawazisha kwa kidole, akamimina. Matabishi hakuna. Nani anatoa matabishi kwa nusu?

Nilikuwa nimeshika ufagio. Niliuweka chini.

Kwa hiyo nusu mbili za sokoni kweli hazifiki kopo moja. Dada yangu naye anauza mchele kule, na Riziki anakaa kwenye meza yake tangu hajaota meno ya pili. Alinijibu alichokiona kwa macho yake maisha yake yote, na wenzake vilevile. Mimi niliyelelewa na mchele huohuo nilichora kopo kama mtu aliyesoma habari za kopo kitabuni. Ningependa kuandika hapa kwamba nilifurahi kuelewa. Niliogopa. Jibu la kijinga unaweza kulifuta. Hili lina akili ndani yake, utalifutaje? Na somo lenyewe wamelisikiliza wiki nzima, wamelinakili kwenye simu za wazazi wao. Maji yakimwagika hayazoleki.

Darasani ningeona. Kuna namna mtoto anavyokunja uso kabla hajakubali kitu, nawe unasimama, unamuuliza wee, kuna nini? Kwenye simu unaongea na karatasi. Unamaliza, unabonyeza, unajisifu.

Mvua ilipopungua kidogo kabla ya adhuhuri niliingia tena chini ya kikwembe. Nilirekodi, nikafuta, nikarekodi tena, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha msibani. Nilisema: wanangu, chukueni kopo, jazeni, kisha pitisheni rula juu yake mpaka kichwa chote kianguke. Kopo letu la hesabu ni hilo lililonyolewa. Nikatuma kwenye grupu. Alama moja tu ya kijivu, haujawafikia. Nikampigia direkta, hapatikani. Nikampigia dada, hapatikani. Mvua ikinyesha namna hii rezo, mtandao wa simu wa Wamaza, inakwenda zake. Niliwaza hata kupanda pikipiki, lakini kwa tope la njia ile ningefika jaribio limekwisha, nimejaa udongo, na nisimfae mtu.

Nikaandika mpaka hapo na kufunga. Sasa ni alasiri, naendelea.

Saa tisa simu imelia. Ni dada. Alikuwa amepanda kilima kutafuta rezo, amejifunika plastiki, nasikia upepo. "Sema mbio, dada, betri inakufa," akaniambia. Nikamwuliza Riziki yuko wapi. Kumbe alikuwa amepanda naye, akampa simu.

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu na niliyamwaga yote bila kupumua. Kopo, kichwa cha mchele, rula, matabishi, mtihani hauuzi wala haununui. Nilisikia mwenyewe jinsi nilivyokuwa nikipiga kelele. Nikadhani nimemliza.

Riziki hakuwa akilia. Aliongea polepole, kwa heshima, kama anayemsaidia mtu mzima kuvuka maji. "Mama mudogo, ile ya matabishi naijua. Ulisema muchele, nami nikajibu ya muchele. Ninauliza tu, kesho nijibu ya soko ao ya masomo?"

Ya soko au ya masomo.

Kwa miaka yote niliyoshika chaki hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza hivyo, na mimi sikuwahi kumpa hata mmoja nafasi ya kuuliza. Nilitaka kumwambia kwamba yote mawili ni hesabu, kwamba yeye ameona kitu ambacho somo langu zima halikukiona, nilitaka kumwambia mengi. Nikakumbuka betri. Nikakumbuka Lusangi.

"Ya masomo, mama," nikamwambia. "Kule hakuna matabishi."

Hakuna aliyenijibu. Niliita alo, alo, mpaka Mama akatoka jikoni kuniangalia. Laini ilikuwa imekufa, na sijui kama ilikufa kabla ya jibu langu au baada. Tangu hapo napiga na haipatikani. Mama amesema niache, mtoto amesikia. Nimemwuliza amejuaje. Amerudi jikoni.

Kesho asubuhi Riziki ataingia darasani akiwa na majibu mawili kichwani, na yote mawili ni ya kweli. Karatasi ina nafasi ya jibu moja. Mimi nitakuwa hapa mbele ya darasa langu, nikiwauliza wengine nusu na nusu ni ngapi, na safari hii nitangoja kusikia wanavyosema nyumbani kwao kwanza.

Mungu wangu, awe amesikia.