Tarakimu Sita kwenye Simu ya Stanislaus

Murungu, Kibondo
26 Februari 2024

Mwanangu Stanislaus,

Amahoro. Hujambo wewe, na mkeo Nasma, na watoto? Mimi mzima, ila goti la kushoto linagoma kila nikipanda kwenda kanisani. Maharage tumeshavuna.

Simu zangu hupokei tangu Krismasi, kwa hiyo nampa kondakta wa basi karatasi hii. Ni habari ya mwanangu Cadet. Januari alinipigia kwa simu ya mtu huko Lusaka: yake imeibwa, na namba zote zimekwenda nayo. Akasema ataniandikia kwenye ile barua pepe uliyonifungulia. Siku tatu baadaye laini yangu nayo ikafa, na hii mpya yeye haijui.

Zamani ungenichapia barua zake nije nizichukue hapo Kasulu. Sasa sitaki kukusumbua. Arielle, karani wa parokia hapa Kibondo mjini, ananiruhusu kukaa kwenye kompyuta yao kila Jumatatu. Niandikie tu namna ya kuingia, polepole, kama unamwelekeza mgeni njia. Au mpaka nije nipige magoti hapo steshenari kwako?

Shangazi yako,
Nizigiyimana


Kasulu
4 Machi 2024

Senge,

Amahoro nawe. Sisi huku wazima, Nasma anakupa pole ya goti.

Magoti sitaki. Ila Krismasi, mbele ya watu kumi na tisa, nilihesabu, ulisema: "Cadet ni wa kusoma, Stanislaus ni wa kubonyeza." Watu wakacheka. Umenilea, sikatai. Lakini nilipomaliza la saba, mwenzangu Cadet akaenda sekondari, mimi nikafyatua matofali miaka sita. Kompyuta hakunifundisha mtu. Niliinunua mbovu, nikaifungua na kuifunga mara nne mpaka ikawaka.

Haya, tubonyeze. Fungua kivinjari, ndiyo programu ya kuingilia mtandaoni. Hapo juu kabisa andika anwani niliyokuandikia nyuma ya karatasi hii; paswedi nayo iko hapo hapo, utaiandika ukurasa ukikuomba. Ukishaishika kichwani, choma karatasi. Maandishi yakikuwia madogo, shika Ctrl, gonga alama ya kujumlisha mara tatu, usije ukavunja shingo. Usipoona barua za Cadet, tafuta kwenye Taka: mashine haimjui mwanao, inaweza kumtupa huko pamoja na matapeli. Ukimjibu, achana na zile fonti za mapambo unazopenda kwenye kadi za kwaya. Kompyuta yake isipokuwa nazo, atapata vurugu tupu. Maandishi ya kawaida, ukubwa kumi na mbili. Ukimaliza, usifunge dirisha tu. Toka kwanza kwenye akaunti, la sivyo atakayekaa baada yako atasoma mambo yako.

Jambo moja. Kompyuta ya parokia ni ngeni kwa barua pepe yako, kwa hiyo itakudai tarakimu sita. Zitaingia kwenye simu yangu. Wateja wote nawafungulia kwa namba yangu, wako 212, maana ninyi laini mnabadilisha kama soksi. Ukifika hapo nipigie, nitakusomea.

Mwana wa kaka yako,
Stanislaus


Kibondo
26 Machi 2024

Stanislaus,

Hamjambo? Mimi naendelea.

Nimekwenda Jumatatu tatu. Kivinjari nimekifungua mwenyewe, Arielle akapiga makofi. Paswedi imekubali. Halafu tarakimu sita, na simu yako inaita mpaka inachoka. Arielle anasema hizo namba hazilali, baada ya dakika chache zimekufa. Kama una hasira na mimi, njoo unitukane uso kwa uso, nitakukalisha na nitakupa chakula. Lakini miezi miwili sijui mwanangu amekula nini. Nisomee hizo namba, mwanangu. Ni sita tu.

Shangazi yako,
Nizigiyimana


Kasulu
9 Mei 2024

Senge,

Amahoro. Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Sikukosa mtandao, wala simu haikuharibika. Tarehe 11 Machi zile namba ziliingia saa nne na dakika saba. Tarehe 18, saa nne na ishirini. Tarehe 25 ziliingia mara mbili. Nilizisoma. Ulipopiga, nikailaza simu kifudifudi juu ya meza nikaendelea kutoa kopi. Nilisema moyoni, Senge naye asubiri kidogo, aone mtu wa kubonyeza ana faida gani. Baadaye ikawa aibu. Aibu peke yake imekula siku 45.

Barua zake sijafungua hata moja. Ni zako.

Jumatatu tarehe 13, saa nne kamili, nitakuwa nimeishika simu mkononi. Ukishaingia, mwambie Arielle aende kwenye mipangilio, aondoe namba yangu, aweke yako. Hutanihitaji tena kwa hilo. Msalimie Cadet. Mwambie nami nitamwandikia.

Mwana wa kaka yako,
Stanislaus


Murungu
14 Mei 2024

Stanislaus,

Hamjambo huko.

Jana ulipokea kabla haijaita mara ya pili. Ukanisomea vizuri. Tukaingia. Barua zilikuwa tisa.

Kitu kimoja hukuniandikia: kwamba kompyuta inaweka mpya juu. Nilianza juu, kama mtu yeyote anavyosoma.

Ya juu haikuwa ya Cadet. Ni ya Ndayisenga, waliyekuwa wanakaa naye chumba kimoja. Anasema wamemzika tarehe 2 Aprili, tusamehe Mama, hatukuwa na namba yako. Nikashuka. Tarehe 27 Machi Cadet yuko wodini, figo: "Mama, andika hata neno moja, Ndayisenga atanisomea." Nikashuka. Tarehe 20: "Mbona kimya? Nimekukosea?" Tarehe 12 miguu imevimba, ila anatembea. Nikashuka tena, miguu haijavimba. Mgongo tu, anadhani ni magunia anayobeba. Nikashuka, hata mgongo hauumi, anacheka kwamba ugali wake unatoka kama udongo wa kukandikia ukuta. Ya chini kabisa ni ya Januari: "Shikamoo Mama. Mimi mzima wa afya. Umenipata?"

Nilikuwa nimeshamzika, naye ndiyo kwanza ananiamkia.

Arielle aliniuliza kama nataka kujibu. Nikasema ndiyo, hiyo ya chini. Nimemwandikia: Marahaba, mwanangu, nimekupata.

Msiba uko nyumbani tangu jana. Nasma aje na watoto. Wewe, ngoja nikuite.

Shangazi yako,
Nizigiyimana